Nilivyoifufua saa ya marehemu baba

Saa aliyoniachia marehemu baba ni Seiko 5 ya mkononi, ya chuma, otomatiki, yaani inayojijaza yenyewe bila betri, yenye kidirisha cha siku na tarehe. Ilikaa kwenye droo miaka mingi. Ilipofika mikononi mwangu, ukiitikisa unasikia kile kipande kizito cha ndani kikizunguka, lakini mshale wa sekunde umeganda palepale. Wengi walinishauri niihifadhi tu kama kumbukumbu. Wapenzi wa saa niliokuja kufahamiana nao wakasema vingine: hii haijafa, imekaukiwa mafuta tu.

Kwanza walinifundisha kuisoma. Mgongoni imeandikwa 6119, ndiyo namba ya mashine yake, na namba ya utambulisho inaanza na 06. Kwa Seiko za zama zile tarakimu ya kwanza ni mwaka na ya pili ni mwezi. Muongo hauandikwi, ila mashine hii ni ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo saa ilitengenezwa Juni 1970. Baba alikuwa bado kijana asiye na mke wala mtoto. Kujua hilo peke yake kulinipa hamu ya kuendelea.

Mmoja wao, mzee aliyeanza kufungua saa zamani sana, aliniambia, "Usianze na ya baba yako, mwanangu. Tafuta mashine mbovu, ifungue uifunge mpaka mikono izoee." Sijapata ushauri bora kuliko huo. Kumtia mtu moyo bila kumwambia aanzie wapi ni kumwacha njiani, na hawa hawakuniacha. Kila nilichofungua niliwapigia picha, nao walinijibu: hapo sawa, hapo subiri, skrubu hiyo tafutia bisibisi inayoienea.

Siku ya saa yenyewe nilisafisha meza, nikapanga visahani vyenye vifuniko, nikaanza. Kabla ya kung'oa gurudumu lolote ni lazima springi kuu ilegezwe polepole, la sivyo nguvu iliyobaki ndani inaweza kuvunja meno. Vispringi vya Diashock, vinavyokinga dhidi ya mishtuko ekseli ya balansi, lile gurudumu linalocheza huku na huko kupima mwendo wa saa, ni vidogo kuliko punje ya mchele na huruka ukivigusa vibaya. Nilivitolea ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, mikono na kibano vyote humo, kama nilivyoelekezwa.

Chini ya lenzi ugonjwa ulionekana wazi. Mafuta yalikuwa yamegeuka gundi ya kahawia kuzunguka vito, vile vijiwe vyekundu vinavyoshika ncha za magurudumu. Saa hii ina 21. Baada ya kuosha, kila tundu nililichokonoa kwa kijiti laini hadi kijiti kikatoka kisafi. Kisha mafuta mapya: mazito kwenye sehemu zinazokwenda polepole, mepesi kwenye zinazokwenda mbio, na kwa kiasi cha tone lisilojaza hata kikombe cha kito. Ncha za ekseli ya nanga, kile kipande kinachosukuma balansi, haziwekwi mafuta kabisa, kwa sababu yanaifanya nzito.

Nilipoirudisha balansi mahali pake, ikaanza kucheza kabla sijakaza skrubu yake. Mashine hii hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara 6 kila sekunde, na baada ya ukimya wa miaka yote ile sauti hiyo ilinitoa machozi. Niliwatumia wenzangu video yake, mzee akajibu kwa neno moja tu: "Hongera."

Mjadala mkubwa ukawa sura yake. Uso una madoa madogo pembezoni, na ubavuni kuna mkwaruzo mrefu ninaoukumbuka tangu utotoni. Wapo walioona niupake uso upya na kung'arisha kasha. Wengine, nami nikawaunga mkono, walisema uso ukishapakwa rangi ule wa asili haurudi tena, na kung'arisha kunakula kingo kali zilizochongwa kiwandani. Nikabadilisha kioo na mpira wa kuzuia maji tu. Mkwaruzo nimeuacha, kwa sababu ni wa baba.

Sasa ninaivaa. Haina namna ya kutiwa ufunguo kwa mkono. Inajijaza kwa mwendo wa mkono wangu, na ninapoivua hubaki inakwenda hadi kesho yake. Kwa siku hupotea chini ya nusu dakika, nami nimeridhika. Maji bado siiamini nayo. Mdogo wangu ameshaiomba aivae kwenye harusi yake, na nimemkubalia kwa sharti kwamba hatanawa nayo mikono.