Siku moja na hewa ya Nairobi: kufuatilia vichafuzi vinavyobadilishana tabia

Saa 1:00 asubuhi. Data ya jana ya vihisi vya hewa imeshaingia. Cha kwanza ni kurekebisha saa: vihisi huandika muda wa UTC (saa ya kimataifa), kwa hiyo foleni ya matatu ya saa moja asubuhi iko kwenye jedwali kama 04:00. Usipoongeza saa 3, utaona moshi ukipanda saa kumi alfajiri na kuanza kusaka kiwanda ambacho hakipo.

Saa 2:00. Kusafisha. Saa yenye chini ya asilimia 75 ya vipimo vyake inatoka. Namba hasi ndogo zinabaki, maana ni kuyumba kwa kawaida karibu na sifuri, na ukizifuta wastani unapanda. Inayotupwa ni namba moja iliyojirudia saa tano mfululizo: kihisi kimeganda. Asubuhi za Julai ndizo balaa. Unyevu ukipita asilimia 80, chembe za PM2.5, yaani chembe ndogo sana za vumbi na moshi, hunyonya maji na kufura, na leza ya kihisi huzisoma kana kwamba uchafu umeongezeka.

Saa 3:30. Vizio. Kwa NO2 (gesi ya nitrojeni dioksidi), 1 ppb (sehemu moja kwa bilioni) ni 1.88 µg/m³ (mikrogramu kwa mita ya ujazo), lakini hiyo ni usawa wa bahari, nyuzi 25. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, ambako hewa ni nyepesi, kwa hiyo ni kama 1.54. Anayetumia namba ya Mombasa huku anaongeza uchafu kwa zaidi ya asilimia 20.

Saa 5:00. Sasa uhusiano wenyewe: vichafuzi gani hupanda na kushuka pamoja. Natumia dirisha la siku 90 linalosogea siku moja moja, nikitenganisha asubuhi, mchana na usiku. Usiku hewa baridi hutulia chini na vichafuzi vingi hupanda. PM2.5 na kaboni monoksidi (CO) zikipanda pamoja, huenda zimefungiwa tu chumba kimoja. Si lazima ziwe za baba mmoja. Ndiyo maana mteremko, yaani PM2.5 inaongezeka kiasi gani kwa kila ppb 100 za CO, hunieleza mengi kuliko kipimo cha Spearman (namba inayoonyesha tu kama vitu viwili hupanda pamoja) peke yake.

Saa 8:00 mchana. Kituo cha kando ya barabara kina jambo. Kwa kawaida NO (nitriki oksidi) ya magari hula ozoni na kuwa NO2, kwa hiyo NO2 ikipanda ozoni hushuka. Hapa zimeanza kupanda pamoja. Kabla ya kusema hewa imebadilika, tazama umbo la badiliko. Lingekuwa la ghafla, siku moja, ningefungua daftari la fundi: kifaa kilihamishwa? Hili limekuja polepole kwa miezi, na NO2 inafika kileleni saa nane, jua kali, barabara nyeupe. Hiyo ni ozoni iliyovaa kanzu ya mwenzake. Kichujio cha ozoni ndani ya seli, kiini cha kihisi cha NO2, kimechoka. Seli hizi hukaa kama miaka 2. Dawa ni kukiweka kifaa wiki mbili kando ya mtambo rejea, yaani kipimo cha kuaminika cha kulinganishia. Bila hivyo, kipande hicho hakiingii.

Saa 10:00 jioni. Vituo vilivyobaki. Siku 90 zina saa 2,160, ila si mashahidi 2,160, kwa kuwa kila saa humwiga jirani yake. Nachukua sampuli upya kwa mafungu ya siku 7, mara 1,000, nione uhusiano unayumba kiasi gani. Aprili nailinganisha na Aprili. Mvua za masika huosha vumbi, na Julai haina habari nazo.

Saa 11:15. Grafu inatumwa, NO2 ya kituo kile ikiwa na pengo jeupe, na chini yake ombi la seli mpya.