Nimeurudia mji wangu wa msituni, nikaukuta hauna chumvi

Rasimu za hadithi yangu zilikaa kabatini miaka tisa. Mji uliobuni mwenyewe, ukiurudia baada ya muda wote huo, unaukagua kama afisa wa forodha. Mnara upo, liwali mkorofi yupo, dola iko ng'ambo ya bahari. Chumvi hakuna.

Tupige hesabu. Watu 10,000, gramu 5 kwa kila mmoja kwa siku, ni kilo 50. Kwa mwaka ni zaidi ya tani 18. Mpagazi wa misafara ya zamani alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kwa hiyo unahitaji mizigo 570 ya chumvi tupu, kabla ya nguo, shanga na baruti. Katika misitu ya Kongo watu walichoma mimea ya majini, wakachuja maji kwenye majivu yake, kisha wakayachemsha mpaka yakauke. Hubaki chumvi yenye uchungu kidogo, ya kutosha kijiji. Ukitaka kulisha mji mzima kwa njia hiyo, kuni zitaisha karibu nawe na wachomaji watazidi kwenda mbali. Basi hapo ndipo dola inapoushika mji. Askari wa kutumwa ni ghali, na nusu yao watalala na homa. Kufunga njia ya chumvi kunahitaji boma moja tu mahali mto unapobana.

Ila mkono wa dola una mwisho wake. Mfano tunao karibu: Nyangwe na Kasongo, upande wa mto Lualaba, mashariki mwa Kongo ya leo, miji ya wafanyabiashara wa pwani na waungwana wao (wafuasi walioshika desturi za pwani) katika karne ya 19. Jina lililotajwa kama mtawala ni la Sultani wa Zanzibar. Lakini kutoka Nyangwe hadi Zanzibar, hata ukinyoosha kamba juu ya ramani, ni zaidi ya kilomita 1,400. Msafara ukienda kilomita 15 kwa siku bila kupumzika hata siku moja, ni siku 93. Swali na jibu lake ni miezi sita, na njia halisi hupinda, huvuka mito, husimama kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kila mtemi. Amri ikifika, jambo lililoulizwa limeshaamuliwa na mwenye bunduki nyingi pale pale. Mwaka 1887 Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls (Kisangani ya leo) chini ya dola ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, huko Kongo. Bendera ikabadilika, aliyeogopwa akabaki yule yule. Miaka sita baadaye vita viliimaliza miji hiyo. Nayo iliishi kwa pembe na watumwa. Ukiazima umbo lake, usiifute sehemu hiyo ili mji wako upendeze.

Kwa hiyo uhuru nusu usiuandike kama katiba. Uandike kama mazoea. Kedah, Kelantan na Terengganu, falme za Kimalai, zilipeleka Siam (Thailand ya leo) miti midogo ya dhahabu na fedha kila baada ya miaka mitatu, huku mambo ya nyumbani zikiyaendesha zenyewe. Maafisa wa Hispania huko Amerika walikuwa na msemo wa kuipokea amri ya mfalme: natii, lakini sitekelezi. Chagua vitu vitatu tu ambavyo dola inavipata kweli (kodi, heshima ya bendera, haki ya kuthibitisha liwali), kisha kwa kila kimoja useme kinavyokwepwa. Mimi niliweka kumi na viwili. Dola yenye haki kumi na mbili msituni haipo; hiyo ni dola yenye barabara.

Chakula kiliniadhibu zaidi. Udongo wa msitu wa mvua unadanganya: rutuba nyingi imo kwenye miti yenyewe, na ukishafyeka na kuchoma, majivu yanakupa misimu michache tu. Tuseme kaya ya watu watano inataka tani moja ya nafaka kwa mwaka, na hekta moja inatoa hiyo tani. Ukilima miaka miwili na kuipumzisha ardhi kumi, kila kaya inahitaji hekta sita. Kaya 2,000 ni hekta 12,000, kilomita za mraba 120. Ikiwa theluthi tu ya ardhi inalimika, maana kuna vinamasi na miamba, mashamba ya mwisho yatakuwa karibu kilomita 11 kutoka sokoni. Anayelima huko halali mjini wakati wa palizi. Suluhisho ni kingo za mto zinazoachiwa tope kila mafuriko, na mpunga, kama walivyofanya waungwana wa Manyema, nchi ile ile ya Nyangwe na Kasongo. Basi usiweke ikulu kwenye tambarare ya mto. Hiyo ni ya mchele; ikulu ipande mlimani, ikateke maji kwa taabu.

Sasa mhusika anayerudi. Mwandishi mvivu humpa nyumba ile ile na mti ule ule wa utotoni. Miaka tisa msituni? Paa la majani limeshabadilishwa mara mbili au tatu, au halipo. Mchwa wamekula nguzo kutoka ndani, kwa nje rangi ingalipo. Ukizigonga zinalia kama debe. Uwanja usiofyekwa umeota miti inayopita paa. Kilichodumu ni jiwe, vyungu, na ugomvi wa mipaka.

Kwenye gati anatoa cheti cha dola. Kuvu imekula pembe, muhuri umebanduka. Mlinzi hakisomi, anasikiliza tu lafudhi ya salamu, kisha anadai hongo ya mwenyeji au ya mgeni kulingana na alichosikia. Mhusika anapanda ngazi hadi kwa shangazi yake. "Shikamoo shangazi." "Marahaba. Umekonda." Sanduku la vitabu linaachwa barazani, mvua inanyesha. Shangazi anafungua mfuko mdogo kwanza, analowesha ncha ya kidole, anaonja kama ni ya bahari au ya majivu.