Vizibo vya Mwalimu

Ijumaa ya tarehe 19 Septemba 2014 nilikuwa Tukuyu, nasubiri Coaster ya Kyela ijae. Konda alikuwa akiapa tangu alfajiri kwamba tunaondoka sasa hivi, na viti vingi bado vitupu. Nikavuka barabara kwenda kunywa chai. Kibandani walikuwa wakibishana kuhusu Bunge Maalumu la Katiba, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na bando, nikapewa kazi ya kusoma habari.

"Waskoti wamepiga kura, wamekataa kujitenga na Uingereza," nikasema. "Hapana asilimia 55, ndiyo 45."

"Waliojitokeza je?" akauliza mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Nikamwambia karibu asilimia 85, hadi vijana wa miaka 16. Akaguna. Kwake Waskoti hawakuwa watu wa mbali: baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walipoondolewa, wamisionari wa Kiskoti kutoka ng'ambo ya Ziwa Nyasa ndio walioshika misheni za Rungwe kwa muda.

Muuza nyama akadakia. "Umeona, Mwalimu? Hata wao hawataki kuvunja. Nyie na serikali zenu tatu!"

"Nani kasema kuvunja?"

Mwaka ule ndivyo ilivyokuwa. Ukilitaja jina la Tanganyika tu, umeshakuwa adui wa Muungano, ingawa shirikisho la serikali tatu, ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano, lilitoka kwenye rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba, iliyotaka mambo ya Muungano yapunguzwe kutoka 22 hadi 7.

Mwalimu akavuta ubao wa drafti, akapanga vizibo. "Hiki London. Hiki Edinburgh kwa Waskoti, wana bunge lao tangu 1999. Hiki Wales, hiki Ireland Kaskazini. Haya, bunge la England liko wapi?"

Tukatazamana.

Akaondoa vizibo viwili. "Sasa hiki kikubwa ni Muungano. Hiki Zanzibar. Tanganyika?"

"Si imo humo humo," akasema kijana wa bodaboda.

"Humo humo! Ndiyo maana mbunge wa Zanzibar anapigia kura bajeti ya shule za hapa Rungwe, na mbunge wetu shule za Pemba hazimhusu."

Nikiwa bado na simu mkononi ikaingia nyingine: Waziri Mkuu David Cameron amesema suala la England nalo lipatiwe jibu, wabunge wa England ndio waamue sheria za England. Mwalimu alipiga ubao kwa kiganja, vizibo vikatawanyika hadi kwenye sahani ya maandazi.

Kusema kweli ulinganisho wake ulichechemea. Edinburgh ilikasimiwa madaraka na London. Zanzibar iliingia kwenye Muungano mwaka 1964 ikiwa dola kamili. Na muuza nyama hakuwa mjinga. Aliacha suala la gharama za serikali ya tatu, akauliza: kama bara ina watu zaidi ya milioni 43 na Zanzibar milioni moja na kitu, serikali ya Tanganyika si itaimeza hiyo ya Muungano? Pesa zote ziko kwake, watu wote wako kwake. Rais wa Muungano atamtuma nani? Mwalimu alijibu kwa kirefu, akarudi hadi kwa Karume na Nyerere, lakini swali lenyewe alilipita kando. Mpaka leo naliona ndilo gumu kuliko yote waliyoulizwa watu wa serikali tatu.

Konda akapiga honi, safari hii kweli.

Tarehe 2 Oktoba Bunge lile, wapinzani wa UKAWA, umoja wa vyama vilivyotetea serikali tatu, wakiwa wamekwisha kutoka tangu Aprili, likapitisha Katiba Inayopendekezwa yenye serikali mbili. Kura ya maoni ya tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa kwa kuwa daftari la wapiga kura halikuwa tayari. Waingereza nao waliuweka ule utaratibu wa Cameron mwaka 2015, wakaufuta 2021. Muuza nyama angecheka sana.