Barua 1,075 za Kasisi Hughes

Somo: Matendo 27:27-44, Warumi 12:15

Tukisoma kuvunjika kwa merikebu ya Paulo, macho hukimbilia mwisho: watu 276, wote wakafika nchi kavu. Mabaharia walitupa nanga nne za tezi, wakaomba kuche, na kweli kukakucha. Juma hili tuisome sura hiyo pamoja na habari za meli ambayo nanga zake hazikufika asubuhi.

Royal Charter ilikuwa meli ya chuma ya tani 2,719. Ilitegemea matanga, mashine yake ya mvuke, nguvu farasi 200, ilikuwa ya kusaidia tu. Ilikuwa ikitoka Melbourne kwenda Liverpool, na wengi wa abiria walirudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Australia. Usiku wa 25 Oktoba 1859, safari ikikaribia kwisha, dhoruba iliikuta kwenye kisiwa cha Anglesey, Wales. Rubani wa kuiongoza meli hadi bandarini hakuweza kupanda. Upepo uliokuwa ukivuma kutoka mashariki ukageukia kaskazini-mashariki, ukawa unaisukuma meli moja kwa moja pwani, na mashine ikazidiwa. Kapteni Thomas Taylor akatupa nanga mbili karibu saa tano usiku. Mnyororo wa kushoto ulikatika kama saa saba u nusu. Wa kulia, saa moja baadaye. Milingoti ilikatwa ili upepo ukose pa kushika, lakini wapi. Meli ikapwelewa kwanza mchangani, na huenda hapo wengi wangepona. Lakini maji yalikuwa yakijaa: yakainyanyua, yakaibwaga miambani karibu na kijiji cha Moelfre, ikavunjika vipande viwili.

Baharia Joseph Rogers aliogelea na kamba hadi ufukoni (alikuwa mtu wa Malta, kisiwa kilekile kilichompokea Paulo), na wanaume wa Moelfre wakashikana mikono mawimbini kuwapokea waliokuja. Walipona kama 40. Walikufa zaidi ya 400, na hakuna mwanamke wala mtoto hata mmoja aliyeokoka. Wapo waliozamishwa na dhahabu waliyojifunga mwilini, na wahubiri huipenda sana sehemu hii. Dhahabu lakini haielezi vifo vya watoto. Wengi waliuawa kwa kupigizwa miambani.

Hapo ndipo kazi ya Kasisi Stephen Roose Hughes wa Llanallgo, parokia ya karibu na Moelfre, ilipoanza. Kanisa lake likawa chumba cha maiti. Kila mwili aliuandika daftarini kwa namba, pamoja na maelezo yake, na namba hiyohiyo ikawekwa kwenye jeneza na juu ya kaburi. Alikata vifungo, nywele, alama za nguo. Alitazama kovu, kidole kilichopinda, kisha akalinganisha na barua za ndugu waliouliza. Wasiotambuliwa aliwazika wanne wanne katika kaburi moja. Ndugu walipofika kutoka mbali, wakasoma daftari na kumtambua mtu wao, kaburi lilifukuliwa, marehemu akapewa kaburi lake, na kasisi akasoma ibada ya maziko mara ya pili, wanawake wa nyumbani mwake wakihudhuria. Makaburini pake alizika 145. Ndugu yake, kasisi wa jirani, 34. Barua alizowaandikia jamaa na marafiki wa marehemu zilifika 1,075. Alifariki mwaka 1862.

Mfiwa huuliza mambo madogo: alivaa nini, alionekana wapi, amelala upande gani wa makaburi. Sisi tunaoenda kuhani huwa tuna haraka ya kusema “ni mapenzi ya Mungu”, jibu la swali ambalo hajauliza. Hughes aliwajibu walichouliza, mmoja mmoja. Kulia pamoja nao waliao, kwake, kulihitaji daftari, wino na miezi mingi.

Tuwaombee juma hili wahudumu wa vyumba vya maiti, wanaoandika namba na alama za watu ambao ndugu zao bado wako njiani.