Asubuhi ya Njombe: nilivyoitibu pikapu yangu ya dizeli

Asubuhi ile Njombe pikapu yangu iligoma kabisa. Ilikuwa mwezi wa saba, saa kumi na mbili na nusu, kioo cha mbele kimelowa umande mzito na pumzi zinatoka midomoni kama moshi. Nyuma kulikuwa na magunia manane ya mbegu za viazi mviringo, tuliyafunga turubai tangu usiku ili tufike Morogoro kabla ya giza. Nikapiga stata. Ikazungusha, ikazungusha, kimya. Nikapumzisha, nikapiga tena. Mara ya nne betri ikaanza kuchoka, na jirani wa wakwe zangu, mzee aliyewahi kuendesha malori ya Zambia, akatoka kwake amejifunga blanketi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mkwe, acha kuua betri. Shuka kwanza."

Hakufungua boneti. Alikwenda nyuma, akainama kwenye ekzosi, akanusa, kisha akaniuliza swali ambalo kwa miezi mitatu ya kuhangaika na gari lile hakuna fundi aliyewahi kuniuliza: "Ukipiga stata, huku kunatoka moshi gani?"

Sikuwa na jibu. Sikuwahi kutazama.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux ya mwaka 1996, injini 3L, cc 2779, dizeli ya zamani isiyo na kompyuta wala tabo (turbo, ile inayosukuma hewa zaidi kwenye injini). Niliinunua kwa mtu kwa sababu naipenda, na kwa sababu nilitaka gari ambalo naweza kulifungua mwenyewe Jumamosi mchana. Kazi yangu ni ya ofisini. Spana nimeanza kuzishika ukubwani, na mpaka leo jioni ya kutoa oili chafu na kusikia inavyomwagika kwenye beseni inanipumzisha kuliko kulala.

Ugonjwa ulianza Morogoro polepole. Gari likilala usiku kucha, asubuhi linahitaji stata ndefu ndipo liwake. Likishawaka linasitasita kidogo, kisha linatulia, na mchana kutwa halina tatizo: zima, washa, linaitika mara moja. Wiki zilivyokwenda stata ikazidi kuwa ndefu. Fundi wa kwanza akasema betri, nikanunua betri mpya. Wa pili akasema stata imechoka, tukaifungua, tukabadili kaboni na bushi. Wa tatu akachomoa nozeli zote nne, zile zinazorusha dizeli kwenye silinda, zikaenda kupimwa na kusafishwa. Zaidi ya laki nne zilikuwa zimeshatoka mfukoni pale fundi wa pampu aliponiambia pampu ya dizeli nayo ishuke ifunguliwe. Hapo nikasita, na namshukuru Mungu nilisita, maana pampu ile ilikuwa nzima na bado ni nzima leo.

Turudi Njombe. Mzee alinituma nipige stata kwa sekunde kumi tu huku yeye anatazama nyuma. "Hakuna kitu," akasema. "Wala harufu. Dizeli haijafika kwenye silinda." Ndipo akafungua boneti. Juu ya filta ya dizeli kuna pampu ndogo ya mkono, kitufe cha mviringo unachokibonyeza kwa kiganja. Akanishikisha. Kilikuwa laini, kinazama bila kusukumana na mkono, kama unabonyeza mpira usio na upepo. Nikabonyeza kama mara ishirini hivi, kikaanza kukaza, mwisho kikawa kigumu.

"Piga tena."

Safari hii nyuma ukatoka moshi mweupe mzito, wenye harufu ya dizeli mbichi inayochoma macho. Injini bado haikuwaka.

"Sasa imefika, lakini haiungui," mzee akasema. "Gari lako lina magonjwa mawili, mkwe. Moja linaficha lingine."

Hapo ndipo kichwa changu kilipofunguka. Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni inabana hewa, kwa injini kama hii karibu mara 22, hewa inapata moto mkali, dizeli inarushwa ndani yake na kuungua yenyewe. Kwa hiyo ikigoma kuwaka, swali la kwanza ni kama dizeli imefika au haijafika, na jibu liko kwenye ekzosi. Unapiga stata na hakuna moshi hata kidogo: tafuta tatizo upande wa dizeli, kuanzia tangi, mipira, filta, hewa iliyoingia, hadi swichi ya umeme inayofungua dizeli pale kwenye pampu. Moshi mweupe ukitoka na gari haliwaki: dizeli ipo, kinachokosekana ni joto, au mbano umepungua. Ni kipimo cha sekunde kumi ambacho hakigharimu shilingi.

Tulivyoliwasha ni hivi. Mzee aliniambia nizungushe ufunguo hadi taa ya njano yenye alama ya waya uliojikunja iwake, nisubiri izime, nifunge ufunguo, nirudie, mara tatu mfululizo. Taa ile ni ya plagi za hita, zile nne zinazopasha chumba cha kuungulia kabla ya kupiga stata. Baada ya mara ya tatu nikapiga. Injini ikashika kwa silinda mbili tu. Gari zima lilitetemeka, magunia yakicheza nyuma, moshi mweupe ukafunika mpaka banda la kuku. Nikaendelea kushikilia mafuta kidogo kidogo. Silinda ya tatu ikaingia. Baada ya nusu dakika hivi ya nne nayo ikaingia, na ghafla mngurumo ukawa ule ninaoujua. Mzee akapiga boneti kofi na kurudi kwake kunywa chai.

Nyumbani nilianza na ugonjwa wa kwanza, hewa. Jambo lililonichukua muda kulielewa ni kwamba kwenye gari hili mipira kutoka tangini hadi kwenye pampu haina msukumo. Dizeli inavutwa, na anayevuta ni kijipampu kilichomo ndani ya pampu kubwa yenyewe. Mahali penye upenyo hapatoi tone hata moja, panaingiza hewa. Ndiyo maana mafundi wote walitazama, wakaona pakavu, wakasema hapavuji. Gari likizimwa, kwa kuwa tangi liko chini kuliko filta, dizeli inateremka polepole kurudi tangini na hewa inachukua nafasi yake. Usiku kucha unatosha. Mchana hautoshi, ndiyo maana mchana gari halikuwa na shida.

Nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua mita moja ya ule mpira mweupe unaoona ndani, wanaoutumia mafundi ujenzi kupimia usawa wa maji. Nikaufunga kwa klipu kati ya filta na pampu ya dizeli. Nikawasha gari, nikainama na tochi. Kwanza dizeli ilipita safi, rangi ya dhahabu iliyofifia. Kisha nikaiona povu moja, ndogo kama kichwa cha kiberiti, ikitembea juu ya dizeli taratibu. Ikafuata nyingine, halafu tatu pamoja. Nilipokanyaga mafuta zikawa mkufu. Nilikaa pale nikizitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Miezi mitatu na laki nne, na adui mwenyewe ndiye huyu.

Kumtafuta anakoingilia kulihitaji kidumu cha lita tano. Nilikijaza dizeli safi, nikakiweka juu ya madigadi, nikachomoa mpira unaotoka tangini na filta ikanywa kutoka kwenye kidumu. Mapovu yakaendelea. Basi mipira mirefu ya chini ya gari haina kosa, na sikuwa na haja ya kulala chini ya chesisi. Nikaruka filta, nikalisha pampu moja kwa moja kutoka kidumuni kwa dakika mbili tu. Hili sikushauri ulifanye kwa muda mrefu wala kwa dizeli usiyoiamini, maana pampu hizi haziwezi uchafu. Mapovu yakaisha. Kosa lilikuwa kwenye kichwa cha filta. Nilipoirudisha na kubonyeza ile pampu ya mkono kwa nguvu, pembeni ya kitufe pakalowa unyevu mwembamba. Mpira wa ndani ulikuwa umekauka kwa umri.

Hapa nilifanya kosa la kubana matumizi. Nikanunua kichwa cha filta cha mtumba kutoka Gerezani, Dar es Salaam, kwa bei nafuu, nikakifunga, na wiki iliyofuata mapovu yalirudi. Kilikuwa na umri uleule na mpira uleule. Tangu siku hiyo chuma nanunua cha mtumba bila wasiwasi, lakini chochote chenye mpira ndani yake nanunua kipya. Nilipofunga kipya nikabadili pia mipira mifupi ya dizeli na klipu zake. Asubuhi iliyofuata gari liliitika kabla sijaondoa mkono kwenye ufunguo.

Ugonjwa wa pili, plagi za hita, Morogoro usingeonekana. Joto la kule linasaidia injini, na plagi mbili zikifa huwezi kujua mpaka upande mlima wa Kitonga ukalale kwenye baridi. Kuzipima ni rahisi. Unafungua nati ndogo zinazoshikilia bamba linalounganisha plagi zote nne, unaliondoa, halafu unapima kila moja kwa multimita, kile kipimo cha umeme, upande wa omu (ukinzani wa umeme), waya mmoja kwenye kichwa cha plagi, mwingine kwenye chuma cha injini. Nzima inasoma chini sana, karibu na sifuri. Iliyokufa haisomi kitu. Zangu zilikuwa mbili nzima, mbili zimekufa, sawasawa na zile silinda mbili zilizoshika kwanza Njombe.

Kuzichomoa ndiko kunahitaji subira. Nilizinyunyizia mafuta ya kulegeza kutu jioni mbili mfululizo, nikawasha injini ipate joto, ndipo nikaweka spana na kuipeleka taratibu, mbele kidogo, nyuma kidogo. Plagi ikikatikia ndani ya silinda hedi, kazi ya dakika ishirini inageuka kuwa hedi kushushwa. Angalia pia volti iliyoandikwa kwenye plagi. Toyota wa miaka hiyo walitumia plagi za volti tofauti kulingana na mfumo wa gari, na za volti ndogo zikifungwa kwenye mfumo wa volti 12 zinavimba ncha na kufa haraka, au ncha inakatika. Muuzaji alinihakikishia kwamba "zote ni moja." Nilimwonyesha ya zamani, tukasoma maandishi pamoja, akabadilisha.

Siku hizi nina daftari la gari, kila kitu kinaandikwa humo kwa tarehe na kilomita. Oili na filta yake kila kilomita 5,000. Kila mwisho wa mwezi nalegeza skrubu iliyo chini ya filta ya dizeli na kukinga kwenye chupa ya maji niliyoikata: maji ni mazito kuliko dizeli, yanakaa chini, unayaona yamejitenga kama kwenye glasi. Masika napata mengi zaidi. Najaza mafuta kituo kimoja ninachokiamini, kwa sababu pampu hii inalainishwa na dizeli yenyewe, hakuna oili nyingine ndani yake, na ukiinywesha dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa unaisaga kidogo kidogo. Filta ya hewa naikagua kila nikitoka barabara ya vumbi. Nikiona moshi mweusi kupanda mlima ndiyo ya kwanza kufunguliwa.

Na kabla ya kupiga stata ya asubuhi, mtoto wangu mkubwa anasimama nyuma ya gari. Anasema "hamna," au "mweupe kidogo, umeisha."

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, nililala tena Njombe. Asubuhi baridi ilikuwa ileile. Nilipotoka na ufunguo nikamkuta mzee ameshasimama nyuma ya pikapu na blanketi lake, anatazama ekzosi. Taa ya njano ikawaka, ikazima, nikapiga. Injini ikashika silinda zote nne kwa pamoja. Nilishuka nikamkabidhi mita moja ya ule mpira wa levo niliyomletea.

Aliukunja akautia mfukoni. Alisikiliza mngurumo kidogo, kichwa kimeinama.

"Na taiming belti, mkwe, umebadili lini?"

Daftari langu linaanza siku niliyonunua gari. Kabla ya hapo hakuna anayejua. Belti ile, inayofanya valvu ziende sambamba na pistoni, hubadilishwa kwa kawaida kila kilomita 100,000, na ikikatika gari likitembea, valvu zinagongana na pistoni. Nilirudi Morogoro kwa mwendo wa pole, bila kuvusha injini mizunguko 2,500 kwa dakika hata kwenye tambarare ya Mikumi, na Jumamosi iliyofuata rejeta ilikuwa chini, kifuniko cha mbele kimefunguliwa. Mgongo wa belti ulikuwa na nyufa, na meno mawili yalikuwa yameanza kuchanika kwenye mizizi.