Usiku Fidla Zilipokimbia Mvua

Dada yangu mdogo ni muuguzi Munich, Ujerumani, na kwa miaka mitatu mfululizo, kila ukifika mwezi wa saba, alinipigia simu na neno moja: "Kaka, njoo nikupeleke Verona." Mimi napiga fidla katika kikundi cha taarab hapa Unguja, na miaka yote hiyo nilimjibu kwamba hiyo opera ya huko Italia, mchezo wa kuigiza kwa kuimba, ni watu wanaopiga kelele kwa lugha nisiyoijua. Mwaka wa nne hakuniomba tena. Alinunua tiketi mbili, akanitumia picha yake, na chini akaandika: "Aida. Binti wa mfalme wa Ethiopia. Haya, kataa."

Sikukataa. Habari ya viza naiacha. Kila anayesafiri kwa pasipoti yetu anaijua.

Kutoka Munich hadi Verona ni zaidi ya saa tano kwa treni. Inapita Kufstein na Innsbruck, halafu inapanda mpaka Brenner, mpakani mwa Austria na Italia, mita 1,370 juu ya usawa wa bahari. Baada ya hapo vibao vya stesheni vina majina mawili, la Kijerumani na la Kiitaliano, na mto Adige unakuja ubavuni mwa reli ukifuatana nayo katikati ya mitufaha na mizabibu. Dada alikuwa ametoka zamu ya usiku. Alilala kabla hatujatoka vizuri mjini, kinywa wazi, kichwa begani kwangu kama alivyokuwa akilala kwenye boti ya Pemba tulipokuwa wadogo.

Kwa hiyo nilikuwa na muda wa kuwaza, na niliyekuwa nikimwaza ni Ismail.

Ismail ni yule Khedive, mtawala wa Misri, aliyeiagiza Aida kwa Verdi, mtunzi wa Kiitaliano. Wengi husema ilitungwa kwa ajili ya kufungua Mfereji wa Suez. Si kweli. Mfereji ulifunguliwa Novemba 1869, na Verdi alikuwa bado hajaandika hata noti moja ya Aida. Ilioneshwa mara ya kwanza Cairo, Desemba 24, 1871, tena kwa kuchelewa, kwa sababu mavazi na mapambo yake yalitengenezwa Paris, na Paris ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Prussia. Verdi mwenyewe hakwenda.

Sasa huyu Ismail sisi watu wa pwani tuna hesabu yetu naye. Mwaka 1875 alituma manowari zake chini ya Mwingereza aliyeitwa McKillop Pasha, zikaja kuziteka Barawa na Kismayu, bandari za Sayyid Barghash. Waingereza wakamkaripia, akaondoa watu wake. Wakati huohuo askari wake wengine walikuwa wameingia Ethiopia. Walipigwa Gundet mwezi Novemba, wakapigwa tena Gura mwezi Machi 1876. Yaani bwana aliyelipia opera ambamo Misri inaishinda Ethiopia, miaka minne baadaye alitaka kuifanya kweli, ikamtokea puani. Na Barghash naye, kwa masimulizi tuliyoyakuta, ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza ganuni, na hapo ndipo wazee wetu wanapoanzia hadithi ya taarab ya Unguja.

Dada alipozinduka karibu na Trento nilimmwagia yote hayo. Alinisikiliza, akafikicha macho. "Kaka, mimi nimenunua tiketi ya muziki. Ya historia hujanilipa."

Verona ilitupokea kwa joto la kukausha nguo dakika kumi. Ukitoka stesheni ya Porta Nuova unafuata barabara moja pana, unapita chini ya malango mawili ya matao, na papo hapo uwanja unafunguka: Piazza Bra, na Arena, ukumbi wenyewe wa opera usio na paa, umekaa pale katikati ya mikahawa kama meli iliyopwelewa. Arena ilijengwa na Warumi katika karne ya kwanza. Ukuta wake wa nje uliporomoka kwa tetemeko la Januari 1117, na kilichobaki ni kipande kimoja chenye matao manne, kimesimama peke yake pembeni. Jiwe lake ni jeupe na jekundu hafifu, rangi ya muhogo mbichi ukiumenya na ukutane na ile ngozi ya ndani. Nililigusa. Saa kumi jioni lilikuwa la moto kama ukuta wa jiko.

Nyumba ya Juliet tuliipita haraka. Kulikuwa na msongamano wa watu wanaopiga picha roshani iliyotiwa hapo katika karne ya ishirini, kwa ajili ya msichana ambaye hakuwahi kuishi mahali popote ila kwenye mchezo wa Shakespeare. Dada alitaka picha, nikampiga, tukaondoka.

Chakula ndicho kilichotuweka. Kwenye mgahawa wa uchochoroni nilivutiwa na harufu ya nyama iliyopikwa polepole, rojo limekaza, inanukia karafuu. Karafuu, bwana! Mtoto wa Unguja aipite? Nikamwonyesha mhudumu kwa kidole. Dada akauliza kwanza ni nyama gani, na nikamwona uso unabadilika. Ilikuwa farasi. Wenyeji husimulia kwamba chakula hicho kilianza mwaka 489, baada ya vita vya wafalme Theodoric na Odoacer karibu na mji, farasi wengi wakafa na watu wana njaa. Nilikisikiliza kisa mpaka mwisho kwa adabu, kisha nikala vidonge vya viazi kwa siagi, na karafuu nikabaki nazo puani tu.

Tiketi zetu zilikuwa za juu, kwenye ngazi za mawe. Ngazi ziko 44, na kila moja imetengenezwa kwa watu wenye miguu mirefu kuliko yangu. Huko juu hakuna viti; unakalia jiwe tupu, kama walivyokalia Warumi, na mlangoni wanakodisha mito ya kukalia. Nilijitia ujabari, nikasema mimi nimezoea baraza. Baraza gani! Jiwe lilikuwa limekunywa jua kutwa nzima, na baada ya robo saa nilishuka mwenyewe, kimya kimya, kufuata mto. Dada hakusema neno. Alinisogezea sambusa.

Niliangalia waliotuzunguka. Chini kabisa, kwenye viti vyekundu, suti na magauni marefu. Huku kwetu kaptula, viatu vya wazi, mabibi na vibakuli vya zabibu, kijana amelala na kofia usoni. Bibi mmoja aliyekaa pembeni yangu alifungua mkoba, akatoa mishumaa miembamba, akatupa mmoja mmoja. Ni desturi ya zamani hapo: kabla muziki haujaanza wasikilizaji huwasha mishumaa. Siku hizi wengi huwasha simu, na huyo bibi alizitazama simu hizo kwa jicho ambalo wazee wetu huwatazamia wanaotaka kinanda cha umeme kwenye taarab asilia.

Opera ya kwanza kuchezwa humo katika tamasha hili la opera ilikuwa hiyohiyo Aida, Agosti 10, 1913, mwaka ilipotimia miaka mia tangu Verdi azaliwe. Wazo lilikuwa la mwimbaji Giovanni Zenatello, mtu wa mji huo. Hapohapo ndipo Maria Callas alipoimba kwa mara ya kwanza Italia, mwaka 1947. Vita vya dunia vililikatiza mara mbili, ndiyo maana tamasha la mia halikufika mpaka 2023.

Saa tatu na kitu akatoka msichana aliyevaa mavazi ya mchezo, akapiga upatu mkubwa. Mara ya kwanza watu waliendelea kutafuna. Mara ya pili wakapunguza. Mara ya tatu, wallahi, watu zaidi ya elfu kumi wakanyamaza, na uwanja wote ukawa vijimoto vidogo vidogo.

Na hapo nikaja kugundua kwamba hakuna maikrofoni.

Nilikuwa nimeambiwa. Lakini kuambiwa ni kitu kingine. Mimi kazi yangu nzima imepita mbele ya spika. Kikundi chetu hatuanzi mpaka fundi mitambo amalize ugomvi wake na nyaya, na fidla yangu bila kinasa sauti haivuki mstari wa tatu. Aida inaanza kwa fidla peke yake, zimetiwa vizuizi vya sauti, zinapigwa taratibu mno. Nikajua hatutasikia kitu. Tukasikia. Zilikuja nyembamba kama moshi wa udi, zikapanda ngazi moja moja mpaka tulipo. Ule mduara wa mawe unaoinama kuelekea katikati ndio spika yenyewe. Waimbaji nao wana hila yao: hujifunza miaka mingi kuikusanya sauti kwenye mitetemo ya karibu 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra haina nguvu nyingi, hivyo sauti hupenya bila kugombana na ala. Nilimkumbuka Siti binti Saad, ambaye kwetu husimuliwa kwamba alipokuwa akitembeza vyungu mjini, sauti yake ilimtangulia mitaa. Nilidhani ni chuku za wazee. Sidhani hivyo tena.

Kisa chenyewe nitakisema kwa ufupi. Aida ni binti wa mfalme wa Ethiopia, mtumwa katika nyumba ya Farao. Anampenda Radames, jemadari wa Misri, ambaye binti Farao naye anamtaka. Radames anakwenda kuipiga Ethiopia, anarudi na mateka, na miongoni mwa mateka yumo baba yake Aida, ameficha cheo chake. Katika lile gwaride la ushindi kuna tarumbeta ndefu zilizonyooka, tatu kila upande, zinajibizana. Umati ulisisimka. Mimi macho yangu yalikuwa kwa mateka. Ni ajabu kukaa Italia, nchi iliyopigwa na Waethiopia pale Adwa mwaka 1896, ukitazama Waethiopia wakikokotwa kwa minyororo na watu wakishangilia tarumbeta. Pia kuna jambo la rangi. Julai 2022 mwimbaji wa Marekani, Angel Blue, alijitoa kuimba opera nyingine katika tamasha hilihili kwa kuwa waimbaji wa Aida walipakwa weusi usoni. Nafikiri alifanya haki. Usiku wangu mimi siwezi kutoa ushahidi: kutoka ngazi za juu kila uso ulikuwa na ukubwa wa kokwa ya tende.

Sehemu ya tatu ni usiku kando ya Mto Nile. Fidla zinashika noti moja tu, chini kabisa kwa sauti, zinairudia na kuirudia, na maji unayaona. Ndipo tone la kwanza likanidondokea mkononi.

Nikatazama chini kwenye okestra. Watu wa fidla walikuwa wameshasimama. Hawakungoja tangazo, hawakumtazama mwongozaji. Walikumbatia ala zao vifuani, mmoja akaivulia koti na kuifunika, wakatoka mbio nusu wameinama, kama kina mama wanaoanua karafuu mkekani wingu linapotanda. Wa tarumbeta waliondoka kwa nafasi zao, shaba haina haraka. Watu walikasirika kidogo, wakafungua miavuli. Mimi nilikuwa nimesimama napiga makofi peke yangu. Mbao ile ikilowa gundi huachia, na hakuna opera duniani inayostahili hilo.

Dada alikuwa ameshanionya: onyesho likishaanza, mvua ikilikatiza, pesa hairudi. Tulikaa chini ya kanga yake moja kiasi cha dakika arobaini. Bibi wa mishumaa alijifunika mfuko kichwani, akaendelea na zabibu zake. Wafanyakazi wakatoka na mataulo kufuta jukwaa, wakapigiwa makofi kuliko teno, yule mwimbaji wa kiume wa sauti ya juu. Halafu fidla zikarudi, moja moja, wakipapasa nyuzi, wakasawazisha, na ile noti moja ikaanza upya.

Aida akaimba juu ya nchi yake ambayo hataiona tena. Kiitaliano sikijui, lakini patria mia, nchi yangu, nililishika. Mwishoni sauti inapanda juu sana na inapungua badala ya kuongezeka, na aliiacha hapo ikining'inia. Mkono wangu ulikuwa mfukoni. Nilikuwa nimeshatoa noti ya yuro kumi na nimeinuka hatua moja, kwa mazoea tu, niteremke nikamtunze. Dada akanivuta shati.

"Kaka, kaa. Hapa hawatunzi."

"Sasa wanamwambiaje?"

Uwanja wote ukamjibu kwa niaba yake: bravaaa, miguu ikipigwa kwenye mawe. Sawa. Ila bado naona ni ubahili.

Ilipomalizika, wapenzi wawili wamefukiwa hai kaburini na muziki umezimika polepole kama ulivyoanza, ilikuwa karibu saa saba na nusu usiku. Mikahawa ya Piazza Bra ilikuwa imejaa kama mchana, sakafu ya marumaru ina madimbwi. Tulizunguka nyuma kutafuta njia ya kwenda tulikofikia, na kwenye mlango wa pembeni nikamkuta mzee mmoja wa okestra, bado na shati jeupe, anakula aiskrimu. Mkoba wa fidla ulikuwa kati ya miguu yake, umefungwa kwa mfuko wa plastiki, vipini vimekazwa fundo mbili. Namna hiyohiyo mimi hufunga wangu masika, tangu zamani, kabla mifuko hiyo haijapigwa marufuku kwetu.

Nikauonyesha kidole, nikamwonyesha na uvimbe wa shingoni mwangu, upande wa kushoto, pale fidla inapokaa. Akacheka, akashusha kola yake. Na yeye anao.