Katikati Ni Kubwa Kiasi Gani?

Wiki hii mdogo wangu amejifungua mapacha, kitengo chetu kimehamishiwa ghorofa ya tano pamoja na makabati yake yote, na Baba watoto amerejea salama kutoka ile safari niliyoilalamikia hapa mara mbili. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo lililonifanya nikae kuandika usiku huu. Kilichonikalisha ni swali aliloniuliza Kitinda jioni ya Jumanne, ambalo tangu siku hiyo limenikaa kama mwiba mdogo wa kidoleni, ule usioonekana unapoutafuta lakini usiokosa kuchoma kila unaposhika kitu.

Nilikuwa mezani, muswada wa kitabu changu uko wazi mbele yangu, na yule bibi wa Sura ya Kumi na Saba amesimama mlangoni na barua yake mkononi kama nilivyomwacha. (Wanaonisoma tangu mwanzoni mwa mwaka wanajua kwamba bibi huyo hajaingia wala hajaondoka.) Kitinda akaja, akaegemea bega langu, akasogeza uso wake karibu na kioo cha kompyuta mpaka kichwa chake kikanizibia nusu ya ukurasa, akauliza:

"Mama, umefika wapi?"

"Nimefika katikati, mwanangu."

Akanyamaza kidogo, akiwa bado anatazama maandishi.

"Hata nilipokuwa darasa la tatu ulisema umefika katikati."

"Ni kweli."

"Sasa niko la nne."

"Najua."

"Kwani katikati ni kubwa kiasi gani?"

Nikamwambia aende akaoge.

Hilo ndilo jibu lililopatikana kwa mtu mzima anayejiita mwandishi, aliyetumia miaka mitatu kutafuta maneno ya kuwatia watu wasiokuwapo vinywani mwao. Tangu hapo nimeyarudia mazungumzo hayo nikipanda ngazi za ghorofa ya tano, nimeyarudia kitandani, nimeyarudia hata wodini nikiwa nimewapakata mapacha, mmoja kila mkono, huku shangazi zao wakibishana juu ya nani amefanana na nani. Katika marudio ya kwanza nilimjibu kwa upole na hekima, nikamweleza kwamba kitabu kirefu hakipimwi kwa madarasa. Katika marudio ya pili nilikuwa mkali kidogo na mara nikajuta. Katika yaliyofuata niliacha kumjibu, nikawa namsikiliza tu, na kila mara aliishia pale pale.

Nadhani kilichonichoma hasa ni lile neno "kwani". Kama angeniuliza tu katikati ni kubwa kiasi gani, ningelichukua kuwa swali la hesabu, na huyu mtoto anapenda hesabu. Lakini anayeanza na "kwani" amekwisha kulisikia jibu lako, amelipima, na halikumtosha. Nilipomsimulia Baba watoto kwa simu kabla hajarejea, alicheka muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akasema kwamba mtoto ameuliza ukubwa wa kitu na hakuuliza thamani yake. Ni kweli, ila haikunisaidia, kwa sababu ukubwa ndio niliokuwa siujui.

Mwanzo wa kitabu una upepo wake. Sura ya Kwanza niliiandika kwa siku tisa, nikiamka kabla ya kengele ya saa, na kila niliyemweleza habari zake alinitazama kana kwamba nimerefuka kidogo. Mwisho nao unasemekana kuwa na mvuto wake. Mwaka 1932 mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Clark Hull alieleza jinsi panya wanavyozidi kukaza mbio kadiri wanavyokikaribia chakula kilichowekwa mwisho wa njia, na watafiti waliokuja baadaye wameonyesha kwamba binadamu pia huelekea kulegea katikati ya kazi, pale ambapo alipoanzia pamekwisha kuwa mbali na anapokwenda hapajawa karibu. Niliposoma habari hizo mwaka jana nilifarijika kujua kwamba uvivu wangu una wataalamu wake. Safari hii nimejikuta nawaonea wivu wale panya, kwa sababu chakula chao kilikaa mahali pamoja.

Dawa niliyojitibu nayo mnaikumbuka, maana niliisifu hapa kwa majigambo. Ni ya Anthony Trollope, mwandishi Mwingereza wa karne ya 19 aliyekuwa mtumishi wa posta, ambaye alikuwa akiandika asubuhi mapema kabla ya kwenda kazini, saa ikiwa mbele yake, akijidai maneno 250 kwa kila robo saa. Mimi nilijihurumia nikaweka maneno 250 kwa siku, nikachora jedwali, na jedwali hilo limejaa vizuri tangu Machi bila wiki hata moja tupu. Ukilitazama utadhani ni la mtu anayekaribia kumaliza. Tatizo, ambalo sikuliona mpaka nilipochomwa, ni kwamba hesabu ya aina hiyo huuliza "mangapi?" na kuridhika ikijibiwa, haina haja ya kujua maneno hayo yanakwenda wapi. Siku nisiyotaka kumgusa bibi wa mlangoni, niliandika maneno 250 juu ya mjomba wake. Siku iliyofuata mjomba akahitaji mke, na mke akahitaji alikotoka, na jedwali likapokea yote bila kuguna.

Alhamisi usiku sikuweza kulala, nikaenda kufungua faili la zamani la mpango wa kitabu. Nilitaka kujua kama kweli nilimdanganya mtoto, kwa kuwa jambo hilo ndilo lililokuwa likinisumbua chini ya mengine yote: kwamba nimekuwa nikisema "katikati" kama mdaiwa anavyosema "kesho". Mpango wa mwaka jana ulikuwa na sura ishirini na mbili, na kwa mujibu wa tarehe za mafaili, Kitinda aliponiuliza mara ya kwanza nilikuwa naandika ya kumi na moja. Nikafungua mpango wa sasa. Una sura thelathini na nne, na mimi niko ya kumi na saba.

Nilizihesabu mara mbili, kisha nikacheka peke yangu gizani mpaka nikaogopa kuwaamsha. Sikuwa nimemdanganya. Mara zote mbili nilikuwa katikati hasa, bila kupungua wala kuzidi sura moja. Kwa mwaka mzima nimeandika sura sita, na katika mwaka huo huo kitabu kimeongezeka sura kumi na mbili, maana yake kila nilipopiga hatua moja mbele, mwisho ulirudi nyuma hatua mbili. Nilikuwa nimejiandaa kujikuta mvivu au mwongo, na badala yake nimejikuta mtu anayefanya kazi kwa bidii ya kusababisha kazi.

Furaha niliyokuwa nayo usiku ule ni ngumu kuieleza kwa mtu asiyeandika. Kujua kwamba umekwama kwa sababu fulani ni tofauti kabisa na kukwama tu. Nikaikumbuka na ile kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, ambayo mwaka 1879 ilikubaliwa kuwa kazi ya miaka kumi. Ilipofika 1884, nusu ya muda huo ikiwa imekwisha, ndipo sehemu ya kwanza ilipotoka, ikiwa imeishia kwenye neno lenye maana ya sisimizi, ambalo limo ndani ya herufi ya kwanza. Kamusi yenyewe ilikamilika mwaka 1928, miaka kumi na mitatu baada ya James Murray, mhariri wake, kufariki. Awali habari hii ilinitisha. Usiku wa Alhamisi nilimfikiria Murray kwa upendo, ingawa nilijua kwamba udhuru wake ni bora kuliko wangu, kwa kuwa yeye aliongezewa kazi na lugha yenyewe, na mimi nimejiongezea kwa mkono wangu.

Kwa nini nimejiongezea, hilo nalo nilipaswa kuliangalia, na Ijumaa nililiangalia badala ya kupanga kabati langu jipya la ghorofa ya tano. Nilizisoma zile sura zilizozidi, zilizokwisha kuandikwa na zilizo kwenye mpango tu, nikitazama kila moja ilizaliwa lini. Karibu zote zilizaliwa siku ambazo bibi alikuwa amekaribia kuingia. Akiingia na ile barua, lazima atagombana na mwanawe. Wakigombana, nyumba itauzwa. Na nyumba ikiuzwa, hakuna kilichobaki cha kusimulia isipokuwa kufunga mlango. Mwisho wa kitabu uko nyuma ya mlango ule, nami nimekuwa nikimzuilia pale kwa kuwaletea wasomaji mjomba, mke wa mjomba, na sura nzima ya kisima ambacho hakina maji wala umuhimu. Nilidhani naogopa kwamba sitamaliza. Inaelekea nilikuwa naogopa siku ya kumaliza, kwa sababu siku hiyo kitabu kitakuwa kibaya au kizuri, na mpaka sasa hakijawa chochote.

Nikafuta sura sita kwenye mpango, zote zile ambazo sijaziandika. Kisima kimekwenda. Mjomba namwacha kwa sasa, si kwa sababu anastahili, ila nimemzoea. Zimebaki sura ishirini na nane, na kwa kuwa mimi niko ya kumi na saba, nimeivuka katikati kwa sura tatu bila kuandika neno hata moja, jambo ambalo Trollope na saa yake wasingelikubali. Jedwali siku hiyo nimeliandikia sifuri, na ndiyo siku ya kazi kubwa kuliko zote tangu Machi.

Jana asubuhi bibi ameingia. Hakufanya makuu, alisukuma mlango, akatafuta pa kukaa, akakaa. Barua hajaitoa, lakini ameiweka juu ya magoti ambapo mwanawe anaiona. Nimeandika aya nne, nikaziacha pale mwana anapofungua kinywa, kwa makusudi, ili leo nirudi nikiwa nalijua neno lake la kwanza.

Nilimwita Kitinda nimpe jibu lake, kwa sababu deni ni deni. Nilimwambia kwamba zimebaki sura kumi na moja.

"Hizo ni zilizobaki," akasema. "Mimi niliuliza katikati."

Nikamweleza habari ya ishirini na mbili na thelathini na nne. Alisikiliza kwa makini, akahesabu kwa vidole mahali fulani, akasema kwamba basi katikati ilikuwa na ukubwa wa kutoka kumi na moja mpaka kumi na saba, yaani sura sita, na si kubwa sana. Kisha akaomba kusoma. Nilimchapia ukurasa mmoja, ule wa bibi kuingia, akaenda nao dirishani.

Na hapo ndipo furaha yangu ilipopata doa, kwa jambo lisilohusiana na kitabu. Alikuwa ameishika karatasi karibu kiasi kwamba ilikuwa kama anainusa. Nikamwambia aisogeze mbali kidogo, akaisogeza, akakunja macho, akairudisha. Baada ya hapo nimeyarudia tena mazungumzo ya Jumanne, na safari hii sikulisikia swali lake hata kidogo. Nilikuwa naona kichwa chake kikizibia kioo cha kompyuta. Nimekumbuka pia kwamba kwenye ripoti ya muhula uliopita mwalimu wake aliandika kuwa ananakili polepole kutoka ubaoni, na mimi nikamkalisha chini nikamhubiria juu ya uvivu. Kesho nitaomba ruhusa kazini nimpeleke kupimwa macho. Baba watoto anasema inawezekana ni mwanga tu, dirisha lile halina mwanga wa kutosha jioni. Lakini ilikuwa asubuhi.